Kufufua Honda CG125 Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Pikipiki nyingi za zamani zinazoanza kufufuliwa nyumbani huishia kwenye gunia. Mwenyewe anainunua Jumamosi, na Jumapili jioni amekwishaifungua yote. Tangi limepelekwa kwa mpiga rangi, nati zimechanganyika kwenye kopo moja, na hajui hata kama injini ilikuwa nzima au mbovu. Miezi sita baadaye anauza vipande.

Wanaokwama hivyo hawakosi akili wala mikono. Wanachokosa ni mpangilio. Ushike huu: iwake kwanza, isimame pili, ing'ae mwisho. Kila hatua hapa chini imewekwa mahali pake kwa sababu, kwa hiyo usiruke.

Nimechagua CG125 kwa kuwa ndiyo inayomfaa mtu anayefungua injini kwa mara ya kwanza. Ina silinda moja na kabureta moja, nyingi zina breki za ngoma mbele na nyuma, na valvu zake zinasukumwa na pushrodi (vijiti virefu vya chuma), hivyo hakuna cheni ya taimingi ya kukuchanganya. Tena injini nyingi za Kichina zinazobeba bodaboda zetu zimeigwa humohumo, kwa hiyo spea hazikosekani Kariakoo, Dar es Salaam, wala Kirinyaga Road, Nairobi. Zinafanana, lakini si zote zinazoingiliana. Kila uendapo dukani nenda na kipande cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya kabla ya kulipa.

Kama yako ni aina nyingine, fuata mpangilio huu, ila vipimo uvichukue kwenye kitabu cha pikipiki yako.

## Karatasi kabla ya spana

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Tanzania kadi hiyo inatoka TRA. Kenya ni logibuku, na usajili uko NTSA. Namba zisipolingana, au zikionekana zimesagwa kwa grainda, achana nayo hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Utaitengeneza ikang'aa, halafu hutaweza kuitembeza.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Spana na soketi za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na spana ya plagi ya 18
- Bisibisi za nyota za kiwango cha Kijapani (JIS) na bisibisi ya kugonga kwa nyundo
- Fila geji (majani membamba ya kupimia mianya) yenye jani la milimita 0.08
- Mita ya umeme
- Brashi ya waya, brashi ya meno iliyochakaa, msasa namba 400 na 800
- Beseni, mafuta ya taa, sprei ya kusafishia kabureta, mafuta ya kulainisha kutu, grisi
- Trei za mayai, makopo yenye vifuniko na kalamu isiyofutika
- Simu yenye nafasi ya picha
- Ndoo ya mchanga mkavu au kizima moto, mahali unapofikia kwa mkono

Spea za kununua bila kujiuliza: plagi (NGK D8EA), oili, kichujio cha hewa, mpira wa petroli, shuu za breki, tyubu mbili, gasketi ya kifuniko cha juu na ile ya bakuli la kabureta. Nyingine zisubiri ukaguzi.

Kuhusu bisibisi, nisikilize vizuri. Skrubu za Honda za zamani zinaonekana kama za nyota za kawaida, lakini mkato wake ni tofauti. Bisibisi ya kawaida inapanda na kuruka, inakula kichwa, na skrubu ikishaliwa kichwa utaitoa kwa drili. Anza na bisibisi ya kugonga: piga nyundo mara mbili tatu, izunguke kidogo, ndipo umalizie kwa mkono.

## Hatua ya 1: Piga picha, kagua, usipige kiki

Piga picha za kila upande, za karibu: waya zinapita wapi, kebo ya klachi inapinda vipi, washa ipi iko upande gani. Kila utakachofungua kiingie kwenye kishimo chake cha trei, na pembeni uandike jina.

Kagua fremu pale uma wa mbele unapoingia na pale mkono wa nyuma unaposhikwa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu mara nyingi ni ufa wa chuma. Fremu yenye ufa iende kwa mchomeleaji anayejua kazi hiyo kabla hujatumia shilingi nyingine.

Onyo: Usipige kiki pikipiki iliyolala muda mrefu. Kuta za silinda zimekauka na huenda zina kutu; pigo moja la nguvu linatosha kuchana silinda au kuvunja ringi.

Umefaulu ukiwa na orodha ya vilivyoharibika na picha za kukurudisha ulikotoka.

## Hatua ya 2: Injini izunguke

Puliza uchafu unaozunguka plagi, kisha uifungue. Mimina vijiko viwili vya oili laini kwenye tundu, acha usiku kucha. Asubuhi ingiza giya ya juu kabisa, usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono, plagi ikiwa imetolewa.

Ikizunguka bila kukwaruza, vizuri. Ikigoma, changanya dizeli na oili ya injini nusu kwa nusu, jaza silinda, subiri siku kadhaa huku ukijaribu taratibu kila siku. Injini iliyoshikwa na kutu huachia kwa subira, na wanaoharakisha kwa kugonga pistoni huishia kununua pistoni. Ikiachia, tandika kitambaa juu ya tundu la plagi kabla ya kuizungusha, maana mchanganyiko ule utaruka.

Sasa ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako azungushe kwa kiki polepole. Hewa ikikisukuma kidole kwa nguvu, kompresheni ipo ya kutosha kuendelea.

Umefaulu injini ikizunguka duru kamili kadhaa bila mahali pazito.

## Hatua ya 3: Oili

Fungua bolti ya chini, acha oili yote itoke, uitazame juani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole vinakuambia injini itafunguliwa.

CG125 haina kichujio cha karatasi. Ina chujio la wavu, na nyuma ya kifuniko cha kulia kuna kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni kwa kasi yake. Kikombe hicho hukusanya tope gumu la miaka, na mafundi wengi hawakigusi. Kisafishe kwa kijiti na mafuta ya taa, kisha fungia gasketi mpya.

Jaza oili ya pikipiki, 10W-40 au 20W-50, iliyoandikwa JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki. Klachi ya CG inaogelea ndani ya oili ileile, na oili nyingine za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze. Inaingia takriban lita moja. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima, na kijiti kiguse tundu tu bila kukikaza, maana ukikikaza utasoma kiwango cha juu kuliko kilichopo.

## Hatua ya 4: Cheche

Weka plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Ivike kofia yake, ilaze chuma chake kikigusa hedi (kichwa cha injini), mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, kisha piga kiki. Unataka cheche ya bluu nene inayosikika ikilia. Cheche nyembamba ya njano ni dhaifu.

Onyo: Usipige kiki plagi ikining'inia hewani. Umeme ukikosa pa kutokea unaweza kuua CDI (kisanduku cha kuongoza cheche) au koili.

Cheche ikikosekana, anza na vya bei nafuu: swichi ya ufunguo, kofia ya plagi, waya ulioliwa na panya. CG za mwanzo zina pointi, yaani swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili kutoa cheche. Safisha nyuso zake kwa msasa laini na uweke mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 zinapokuwa wazi kabisa. Mara nyingi pointi hazijafa. Zimeota ukungu tu kwa kukaa.

## Hatua ya 5: Tapeti

Kupima tapeti ni kupima mwanya kati ya roka, mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe. Injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko cha juu ya hedi na kile cha kushoto, uzungushe nati ya rota kinyume na saa mpaka herufi T ikae kwenye alama yake. Shika roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo, pistoni iko juu kwenye mgandamizo. Moja ikiwa imekaza, zungusha duru moja zaidi.

Mwanya ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Jani la geji lipite kwa kukwaruza kidogo: lisikwame, wala lisiteleze ovyo. Unapokaza nati ya kufungia, shikilia skrubu isizunguke, kisha pima tena, kwa sababu mara nyingi husogea. Tapeti iliyokaza hufanya injini iwe ngumu kuwaka na baadaye huunguza valvu. Iliyolegea hupiga kelele tu, na ndiyo maana watu huikimbilia ile ya kelele na kuisahau ile ya hatari.

## Hatua ya 6: Tangi na kabureta

Hapa tenga muda. Pikipiki nyingi za zamani "zilizokufa injini" zimekufa hapa.

Petroli ikikaa muda mrefu huacha utomvu wa kahawia unaonuka kama vanishi. Mwaga yote nje, mbali na jiko, sigara na taa ya umeme iliyo wazi. Tangi likiwa na kutu, toa koki, ziba tundu, jaza siki nyeupe, acha siku moja au mbili. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kisha kausha palepale kwa jua na upepo na uzungushie petroli yenye oili kidogo ndani. Ukiliacha na unyevu, kutu mpya huota ndani ya saa chache.

Onyo: Tangi linalovuja usilichomelee mwenyewe, hata ukiliona kavu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka. Kazi hiyo ina watu wake.

Kabureta itoe nzima. Fungua kofia ya juu, chomoa slaidi na sindano, uandike klipu ya sindano iko kwenye mkato wa ngapi. Fungua bakuli la chini, chomoa pini ya floti kwa upole, maana nguzo zake huvunjika kwa urahisi. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu duru, uandike. Ukikosa kumbukumbu, duru moja na nusu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ndani kuna jeti mbili. Kubwa utaiona wazi. Ile ndogo, inayolisha injini inaponguruma taratibu, ndiyo inayoziba, na tundu lake ni jembamba kiasi cha kudhani halipo. Ielekeze juani: lazima uone nukta ya mwanga ya duara kamili. Isipoonekana, loweka kwenye sprei ya kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Vinapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa haisahihishiki. Kwenye baadhi ya kabureta jeti hii imegandamizwa moja kwa moja. Hiyo usiing'oe, isafishe ilipo.

Puliza sprei kwenye kila njia ya ndani na uhakikishe inatokea upande wa pili. Njia moja tu iliyoziba inatosha kukufanya ulaumu plagi, koili na fundi.

Jaribu floti kabla ya kufunga: geuza kabureta floti ining'inie chini kama inavyokaa kwenye pikipiki, puliza mpira wa petroli kwa mdomo, hewa ipite. Inua floti kwa kidole, hewa ikatike kabisa. Ikiendelea kupita, badilisha sindano ya floti, la sivyo petroli itamwagika usiku au itaingia kwenye oili.

Umefaulu ukifungua koki na kukaa dakika kumi bila tone lolote chini ya kabureta.

## Hatua ya 7: Iwashe, usikilize

Petroli mpya, choki juu, sehemu wazi yenye hewa. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Ikiwaka, usipige resi. Iache ipate moto polepole.

Itazame eksozi. Moshi mweupe mwepesi wa mwanzo ni unyevu na ile oili uliyomimina, utaisha. Moshi mweusi ni petroli nyingi, rudi kwenye kabureta na kichujio cha hewa. Moshi wa bluu usiokoma, unaozidi unapovuta mafuta, ni ringi au silinda. Moshi wa bluu ukitoka kwa mkupuo mmoja wakati wa kuwasha na kupotea, ni sili za valvu, na hizo zinaweza kusubiri.

Sasa ndipo unaamua kama injini ifunguliwe. Ikivuta vizuri, haina moshi wa bluu na haigongi, iache. Najua hamu ya kuifungua ilivyo, lakini injini nzima iliyofunguliwa na mtu wa mara ya kwanza hurudi ikiwa na uvujaji ambao haikuwa nao.

## Hatua ya 8: Breki, magurudumu na cheni

Pikipiki inayowaka bila breki ni hatari kuliko isiyowaka, kwa hiyo usiiendeshe hata uani.

Toa magurudumu. Vumbi la ngoma usilipulize. Shuu za zamani huenda zina asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi. Lainingi ikibaki chini ya milimita 2 mahali popote, badilisha shuu zote mbili pamoja. Kwaruza ngoma kwa msasa mpaka ing'ae sawasawa. Chomoa kamu inayosukuma shuu, ifute kutu, ipake grisi kidogo sana, kwa sababu inayozidi itayeyuka na kuingia kwenye lainingi.

Zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza au kusitasita, inunuliwe mpya. Gonga kila spoku kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa.

Tairi itazame umri, si kashata (meno yake) peke yake. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya umri huo, hata ikiwa na kashata zote, imekuwa ngumu na itateleza kwenye lami yenye mvua. Upepo uwe karibu 25 psi mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja.

CG nyingi zina kasha linalofunika cheni yote, lenye kizibo cha mpira cha kuchungulia. Cheni icheze takriban milimita 20 katikati. Klipu ya kiungo, upande wake uliozibika uelekee inakokwenda cheni. Ikigeuzwa, kitu kikiigusa itaruka. Kotapini ya ekseli iwe mpya kila ufungapo.

Umefaulu gurudumu likizunguka huru bila kukwaruza, breki ikianza kushika baada ya leva au pedali kucheza milimita 20 hadi 30.

## Hatua ya 9: Umeme

Anza na aathi. Safisha mahali waya wake unapofungwa kwenye fremu mpaka chuma cheupe, funga, paka grisi juu. Taa nyingi zinazofifia hupona kwa hilo tu.

Soma kama mfumo wako ni wa volti 6 au 12 kabla ya kununua balbu na betri. Betri ya 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ukipiga resi ya wastani, mita ipande hadi kati ya 13.5 na 15. Isipopanda, haichaji; ikivuka 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) inaunguza betri. Fyuzi ikikatika usifunge karatasi ya sigara wala waya. Tafuta waya uliochubuka, hasa pale usukani unapokunja.

## Hatua ya 10: Rangi

Sasa unaweza kung'arisha, kwa kuwa unajua unapaka rangi kitu kilicho hai. Fremu na madigadi unaweza kupuliza mwenyewe kwa makopo: msasa, praima, kisha tabaka nyembamba tatu au nne. Ziba kwa tepu namba ya chasisi, sehemu za aathi na nyuzi za bolti.

Tangi lipeleke kwa mpiga rangi wa magari. Rangi ya kopo huyeyuka petroli ikidondoka, na rangi yenye hadina (kigumisho) inayoistahimili hutoa sumu inayohitaji barakoa maalumu. Na kwa kuwa kadi huandika rangi ya pikipiki, ukiibadilisha, taarifa zibadilishwe pia.

## Hatua ya 11: Barabarani

Helmeti, glovu, viatu vilivyofungwa, bima hai. Anza kwenye barabara tulivu, mwendo mdogo, na ujaribu breki mara kumi kabla ya kuongeza kasi. Shuu mpya zinahitaji kukaa.

Rudi baada ya kilomita kama kumi, ikague ikiwa bado na joto: nati za ekseli, bolti za injini, eksozi, matone chini. Toa plagi. Kahawia iliyopauka ni mchanganyiko mzuri. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kavu, hewa imezidi, na hiyo usiiendeshe mbali kabla ya kutafuta pengo kati ya kabureta na hedi.

Baada ya kilomita 300 hivi mwaga oili ile ya kwanza, maana imebeba uchafu wote wa miaka ya kulala. Pima tapeti upya, gonga spoku tena, kaza cheni. Kisha badilisha oili kila kilomita 1,500, na kila unapoibadilisha andika tarehe na kilomita kwenye daftari moja na ile orodha ya Hatua ya 1.